Pumzi ya Refa

Karakana ya mabasi, chumba cha rangi
3 Februari

Mdogo wangu, Mwalimu wa Pumzi,

Mnaendeleaje huko? Huku sote wazima, na safari hii sikuombi uniamini kwa maneno, maana nina karatasi. Tangu mwaka jana unanisumbua nikapimwe mapafu, kana kwamba hao unaowapulizisha hospitalini hawakutoshi mpaka unifuate na mimi. Haya, wiki iliyopita muuguzi wa kampuni alikuja na mashine yake, akaiweka juu ya meza ya stoo, akatuita mmoja mmoja kwa namba za kazi. Nakala ya kadi nakuwekea humu ndani. Soma mwenyewe: asilimia mia moja arobaini na nane. Mia moja ni mtu mwenye afya yake, mimi nimepita na chenji juu.

Na hiyo ni baada ya miaka thelathini ya kupiga rangi mabasi, na msasa, na puti, na thina, bila kuvaa barakoa hata siku moja. Unajua kwa nini sivai. Mimi rangi naijua kwa pua. Thina ikizidi nanusa, ikipungua nanusa, na hao wanaojifunga vitambaa usoni ndio wanaorudia kazi mara mbili.

Kwa hiyo niache nifanye kazi. Tuna oda ya mabasi thelathini, yote yatoke kabla ya Juni kuisha, na mkuu wa chumba cha rangi ni mimi. Wanaofeli mashine hawafukuzwi, ila wanapelekwa getini kuandika namba za magari yanayoingia na kutoka. Mimi sikuzaliwa kuandika namba za magari ya watu.

Mwandiko unisamehe. Barua hii naimalizia kwenye ngazi za nyumbani, ghorofa ya pili, nimekaa kidogo kabla ya kumalizia kupanda. Nimebeba viazi.

Wifi yako anakusalimu.

Kaka yako,
Asilimia Mia Moja Arobaini na Nane


Hospitali, chumba cha kupima pumzi
17 Februari

Kaka, shikamoo.

Kadi nimeipokea. Nimewaonyesha wenzangu wawili wa chumba hiki, na sote tumekubaliana kwamba ni pumzi nzuri sana. Tatizo ni kwamba si yako.

Kazi yangu ndiyo hii, kaka. Watu ishirini kwa siku wanakaa kwenye kiti mbele yangu. Nawabana pua kwa kibanio, wanavuta hewa mpaka mabega yanapanda, halafu nawahimiza puliza, puliza, usiache, mpaka sauti inanikauka. Mashine inachora mstari. Mstari wa mtu nautambua kama fundi cherehani anavyotambua mshono wa mwenzake. Huu wa kwenye kadi yako ni wa mtu anayekuzidi kimo kwa kichwa kizima, mdogo kwako kwa miaka kumi na kitu, na kifua chake kimezoea kupuliza. Kama mlitaka kudanganya, mngetafuta mtu mwenye pumzi ya kawaida. Nyinyi mmekwenda kuchukua bingwa.

Nimekasirika, lakini ngoja nikuambie kwa nini nakusumbua, maana sijawahi kukueleza vizuri. Mkabala na mlango wangu kuna chumba cha mashine ya CT. Mimi napima pumzi, wao wanapiga picha za moyo, na mafaili ya vyumba vyote viwili nayabeba mimi. Kinachotafutwa kwenye picha zao tunakiita chokaa: ni kalsiamu inayoganda kwenye kuta za mishipa inayolisha moyo. Kwenye picha inang'aa nyeupe, na kadiri inavyozidi ndivyo hatari inavyozidi, hata kama mwenyewe hasikii kitu. Nikaanza kuona kwamba wanaopuliza vibaya kwangu, wengi ndio wanaotoka kule na weupe. Nikamwambia daktari wetu mkuu, nikitegemea atanicheka. Hakunicheka. Alinionyesha kwamba watafiti wameshalihesabu jambo hilo kwa watu wengi, na hata kwa wasiovuta sigara uhusiano huo umeonekana. Sababu yake hakuna anayeijua yote. Huenda ni moto mmoja wa chini kwa chini unaounguza mapafu na mishipa kwa pamoja. Si kila mwenye pumzi fupi ana chokaa, usije ukasema nimekutabiria kifo. Nasema tu kwamba mapafu yakilalamika, inafaa mtu akauangalie na moyo.

Na jambo jingine. Mwaka mzima hupokei simu zangu, unaniandikia barua. Nilifurahi. Nilisema kaka yangu amekuwa mtu wa zamani, ananipenda. Sasa nimeelewa. Barua haihemi.

Nani alipuliza?

Mdogo wako


Karakana
26 Februari

Mdogo wangu,

Umenijibu kama polisi. Mimi ndiye niliyekushika mkono siku yako ya kwanza ya shule, unalia na kiatu kimoja mguuni, kingine umekitupa mtaroni. Leo unaniuliza nani alipuliza. Nilipuliza mimi. Mashine ya kampuni, muuguzi wa kampuni, na kadi ina namba yangu. Kama nimerefuka uzeeni, mshukuru Mungu.

Hayo ya moyo yamenichekesha. Mtu akiumwa jino haendi kwa fundi viatu. Mapafu ni mapafu na moyo ni moyo, hata nyinyi mmevipa vyumba viwili. Sigara sijavuta hata moja maishani mwangu. Kifua kinanibana kidogo nikipanda ngazi, hilo sikatai, lakini ni hii rangi mpya, ina ukali. Nikikaa dakika mbili kinaachia.

Kuhusu geti, naomba usilitaje kwa wepesi. Wewe ulikuwa bwenini, mimi nilikuwepo. Marehemu baba alipiga rangi kwenye karakana hii hii miaka ishirini na minne, anakohoa huku anacheka. Wakamhamishia getini kwa ajili ya kikohozi, na miezi mitano baadaye tukamkuta amekufa kwenye kiti, kalamu mkononi. Hakuugua hata siku moja. Geti ndilo lililomuua. Mtu ukimnyang'anya kazi yake anazimika, na mimi sitaki kuzimika.

Tusilizungumze tena.

Kaka yako


Shuleni, ofisi ya karani
28 Februari

Wifi yangu mpenzi,

Kaka yako aliniachia barua yake niipeleke posta. Nimeifungua kwa mvuke wa birika, Mungu anisamehe, na hii yangu nimeibana humo humo. Usimwambie.

Viazi alivyokuandikia pale ngazini, mbele ya macho yangu, nilibeba mimi. Yeye alibeba kalamu. Analala kwa mito mitatu, karibu na kukaa, na kila ghorofa ya ngazi zetu anasimama anajifanya anasoma matangazo ukutani. Yale matangazo ni ya mwaka juzi.

Aliyepuliza ni Refa, yule fundi wa kuchomelea, mrefu, anayechezesha mpira Jumamosi. Na si kwa ajili ya kaka yako tu. Wanaume kumi na mmoja walimwomba, na Refa akitoka uwanjani hajui kumkatalia mtu. Muuguzi anaita namba bila kuinua uso, wote wana ovaroli za bluu na kofia, basi Refa akawa anatokea mlango wa mbele, anazunguka nyuma ya stoo, anarudi tena kwenye foleni. Kila mtu anatakiwa kupuliza mara tatu, hebu piga hesabu mwenyewe. Ilipofika zamu yake ya kweli alikuwa hoi, kizunguzungu kimemshika, anakohoa mpaka machozi. Akapata hamsini na mbili. Wifi, wagonjwa wote wamefaulu, na mzima peke yake ndiye aliyepelekwa getini.

Walicheka siku mbili. Siku ya tatu hakuna aliyecheka tena, maana hakuna anayeweza kumtetea bila kujitaja. Kaka yako anapita pale getini akitazama viatu vyake. Ana aibu, na pia anaogopa. Wanasema sikio la kufa halisikii dawa, lakini lake bado linasikia, mimi nalijua. Mwambie habari ya baba yenu. Nikimwambia mimi, anasema sikumjua.

Wifi yako


Hospitali
8 Machi

Kaka, shikamoo.

Sitakuuliza tena nani alipuliza. Nataka kukuambia jambo moja la baba ambalo sijawahi kumwambia mtu.

Likizo yangu ya mwisho kabla hajafa, alinisindikiza dukani. Ulikuwa mwendo wa majengo manne tu. Alisimama mara tatu akainama kufunga kamba za viatu. Mara ya tatu nilitazama chini nikaona viatu vyake havina kamba. Alikuwa amejishika kifua, kaka, jasho linamtoka, na aliponiona natazama akanikonyeza. Nikacheka. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nikadhani ni utani kati yangu na yeye.

Geti halikumuua baba. Geti lilimpokea anakufa tayari. Miaka yote ile sisi tulikuwa tunatibu kikohozi: tangawizi, chupa za dawa, vidonge. Kila mtu alitazama mapafu yake, na hakuna aliyeuliza habari ya moyo. Siwezi kukuapia, maana hakupimwa. Lakini mtu hafi ghafla kwenye kiti kwa kukosa kazi.

Sasa soma tena barua yako mwenyewe. Kifua kinabana nikipanda ngazi, nikikaa dakika mbili kinaachia. Umeliandika kwa kudharau, mimi nikalisoma, nikaenda nalo moja kwa moja kwa daktari. Hiyo si rangi. Watu wa chumba cha pili husikia maneno hayo hayo kila siku.

Daktari wetu amemwandikia mwenzake wa hospitali kubwa ya huko kwenu. Tarehe ishirini, saa tatu asubuhi, utapuliza na utapigwa picha. Kifua kikibana kabla ya hapo kisiachie, usisubiri tarehe, nenda saa hiyo hiyo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimebaki na kaka mmoja. Sikuamuru. Nakuomba.

Mdogo wako


Hospitali kubwa, wodi ya pili, kitanda cha dirishani
23 Machi

Mdogo wangu,

Nilikuja. Nilikuja ili nikuonyeshe kwamba umekosea, na shati la kwendea kazini nilikuwa nimelivaa kabisa ndani ya koti.

Nilipuliza mwenyewe. Msichana aliyenipulizisha ana makelele kama yako. Sitini na moja. Kisha wakanilaza kwenye ile pete ya CT. Daktari akageuza kioo cha kompyuta, akanionyesha mishipa yangu: vipande vyeupe, vimejazia kama puti kwenye bati lililobonyea. Chokaa yangu wameihesabu, alama mia nne kumi na mbili. Akaniambia kuanzia mia nne ni nyingi sana. Wakanipandisha kwenye mashine ya kutembea, dakika ya nne kifua kikabana na waya zao zikaandika mambo ambayo hawakuyapenda. Wakaninyima kurudi nyumbani. Mshipa mmoja umebaki na tundu dogo kama la sindano. Kesho asubuhi watapitisha waya kwenye kifundo cha mkono mpaka moyoni, watautanua, na kuuacha na kibomba cha wavu ndani yake usizibe tena.

Naogopa. Nakuandikia kwa sababu sijui kulisema.

Habari ya baba na viatu nimeisoma mara nyingi. Mimi ndiye niliyemnunulia viatu vile.

Aliyepuliza ni Refa. Na Refa yuko getini kwa ajili yangu na wengine kumi. Nikitoka humu salama nitasema mbele ya watu.

Kaka yako, sitini na moja


Hospitali, chumba cha kupima pumzi
24 Machi

Kaka,

Wifi amenipigia saa tano na dakika kumi. Amesema neno moja tu, tayari, halafu akalia, nami sikujua ni tayari ya namna gani mpaka alipopumua na kuniambia u mzima.

Nilikuwa na mgonjwa kwenye kiti, mzee mmoja mpole, kibanio puani. Nikamwambia aniwie radhi, nikatoka ukumbini, nikacheza. Peke yangu, bila muziki, na koti la kazi mwilini. Mama wa usafi akakimbia kunishika akidhani ninaanguka. Nikamweleza, akaweka ndoo chini, tukacheza wawili.

Barua yako ya jana sijaipata, wifi amenisimulia. Dawa utakazopewa ni za kila siku, si za siku unayojisikia. Na ulichokiahidi kukisema, kiseme.

Mdogo wako


Karakana
6 Mei

Mdogo wangu,

Nimekisema.

Jumatatu ni siku ya mkutano wa uani. Mkurugenzi, yule mama asiyecheka, akasoma mambo yake, akauliza kama kuna mwenye neno. Usiku mzima nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Nilipofungua mdomo yote yalikuwa yamepotea, nikasema nilichobaki nacho: "Kadi yangu ya Januari ni ya uongo. Pumzi ile ni ya Refa, na Refa yuko getini kwa sababu yetu. Yangu mimi ni sitini na moja, na moyo wangu umetoka kuzibuliwa."

Kompresa ikajizima. Kisha fundi wa viti akanyoosha mkono, akasema na yeye. Halafu wa vioo. Halafu wale wawili wa msasa, ambao ndio waliomcheka Refa kuliko wote. Mikono ikaendelea kupanda mpaka ikafika kumi na mmoja. Mkurugenzi akatutazama, akauliza kama kuna mtu yeyote hapa aliyepuliza mwenyewe. Mpishi wa kantini akanyoosha mkono taratibu. Ndipo watu walipocheka, mdogo wangu, na nilimwona yule mama akigeuka kuficha uso.

Alipogeuka tena hakuwa anacheka. Alituambia jambo lililoniingia kuliko waya wa daktari. Alisema kwamba kwa miaka miwili amekuwa akitaka kununua mitambo ya kufyonza hewa chafu ya chumba cha rangi, na mwaka huu alipoangalia kadi zetu akaona karibu wote tuna afya ya wanariadha, basi akaahirisha tena. "Mlinificha nisijue chumba changu kinawafanya nini," akasema. Tulidhani tunamdanganya muuguzi, kumbe tumejidanganya wenyewe.

Hakufukuza mtu. Angefukuza kumi na mmoja, mabasi kumi na tisa yangetoka bila rangi wala viti. Aliagiza sote tupimwe mapafu upya, muuguzi akimtambua kila mtu kwa sura na si kwa namba, na atakayepuliza vibaya apelekwe kwa daktari wa moyo pia, kwa gharama ya kampuni. Nilimpa jina la hospitali yako, na nikamwambia aliyegundua ni mdogo wangu. Nilisema kwa sauti kubwa kidogo.

Refa hakuwepo mkutanoni, alikuwa getini na daftari. Tukaenda wote. Nikamwomba radhi mbele ya dereva wa lori aliyekuwa anasubiri kufunguliwa. Akasema yeye alikuwa anangoja tu nani atasema kwanza. Jamaa wakambeba juu juu mpaka kwenye mashine yake ya kuchomelea. Ni mzito. Mimi nimekatazwa kubeba, nikabeba kofia yake. Jana kapuliza upya akiwa amepumzika, peke yake, kwa ajili yake, na kwa kimo na umri wake mwenyewe, si wangu: mia moja ishirini na sita.

Kaka yako


Hospitali
12 Juni

Kaka, shikamoo.

Majibu ya wenzako yametufikia, maana daktari wa huko anaandikiana na wetu. Wenyewe wamekubali nikuambie. Kati ya wale kumi na mmoja, tisa pumzi zao ni pungufu. Kati ya hao tisa, wanne wana chokaa, wewe ukiwemo. Mmoja wa watu wa msasa alikuwa karibu na hapo ulipokuwa, na hakuwahi kuhisi chochote. Ametibiwa Alhamisi, yuko nyumbani anawasumbua watoto wake. Wawili wengine wako kwenye dawa. Hakuna aliyekufa, kaka. Nimeliandika taratibu ili nilione.

Na jingine. Tangu wiki iliyopita hakuna anayetoka chumbani kwangu na pumzi fupi bila kuulizwa habari za moyo wake. Karatasi ya maswali nimeiandika mimi. Swali la tatu ni hili: ukipanda ngazi, kuna kitu unachojifanya unakifanya ili upumzike? Daktari mkuu alitaka kulifuta, akasema si la kitaalamu. Nikamwambia ajaribu kwanza kuwauliza wagonjwa kumi. Saba walicheka, kisha wakasema ndiyo. Limebaki.

Mdogo wako, mtunga maswali


Karakana
30 Juni

Mdogo wangu, mtunga maswali,

Basi la thelathini limetoka leo saa nane mchana. Nilikuwa nimesimama uani na wenzangu wote, Refa akiwemo, na lilipopita mbele yetu liling'aa mpaka tukajiona ubavuni mwake, watu kumi na wawili kwa mstari.

Rangi yake nimeichanganya mimi, na barakoa usoni. Ndiyo, navaa. Siku za kwanza nilijiona kama kipofu, sinusi kitu, nikaharibu ndoo mbili nzima. Sasa napima kwa kikombe na kwa jicho, na ninawafundisha wengine, jambo ambalo pua yangu haikuweza kumfundisha mtu. Bunduki ya rangi nimewaachia. Mitambo ya kufyonza hewa inaunguruma siku nzima, na chumba kile, ambacho tangu enzi za baba hukuweza kuona ukuta wa mwisho wakati wa kazi, sasa unauona.

Pumzi yangu imefika sitini na nne. Daktari anasema haitarudi yote, na nisitegemee makubwa. Nimemwambia hizi sitini na nne zinanitosha, nimezipata kihalali.

Wifi yako amekuokea keki, nusu yake nimekula kwa niaba yako, kipande kimoja tu, usianze maswali. Ilikuwa ya siku yangu ya kuzaliwa. Sijui kama unakumbuka, mimi nimekuwa nikiihesabu siku hii kimoyomoyo tangu tulipomzika baba, na sikuwahi kumwambia mtu kwamba sikutegemea kuifikia. Baba alikufa na miaka hamsini na minne. Jana nimetimiza hamsini na mitano.

Kaka yako